Mbegu ya mvengi haianikwi: mwongozo kamili wa kuotesha mivengi kwa mbegu na vipandikizi

Swali linalonifikia kila mwaka ni lile lile, liwe limetoka Mufindi, Kilolo, Makete au Rungwe, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. "Tumesia ndoo nzima ya mbegu za mvengi. Tumemwagilia miezi miwili. Hakuna hata moja iliyoota. Tumekosea wapi?"

Nikiuliza mbegu zilikaa wapi kabla ya kusiwa, jibu nalo halibadiliki: zilianikwa zikakauka vizuri, zikafungwa kwenye mfuko, zikasubiri mvua. Hapo ndipo zilipofia.

Sisi wakulima wa mahindi na maharage tumelelewa tukijua kwamba mbegu nzuri ni mbegu kavu. Mbegu ya mvengi, mti wetu wa asili wa kandokando ya maji, haiko hivyo. Inaanguka kutoka mtini ikiwa hai, imejaa maji, tayari kuota. Ukiikausha unaiua, na ikishakufa huwezi kuifufua kwa kuiloweka. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi umeimaliza. Nusu iliyobaki ni kuilea miche na kuifikisha bondeni salama.

## Kwanza hakikisha ni mvengi wenyewe

Wahehe na Wabena huuita mvengi. Kwingine una majina mengine, na yapo maeneo ambako jina moja hubeba miti miwili inayofanana. Kitaalamu tunazungumzia Syzygium cordatum, mti wa asili wa kandokando ya vijito, chemchemi na mabonde yenye maji.

Shika tawi uangalie mambo haya:

- Majani yameota mawili mawili yakitazamana, yamesongamana kwenye ncha za matawi. Ni manene, magumu kidogo, ya kijani kinachoelekea bluu.
- Kitako cha jani kina umbo la moyo na kimekumbatia tawi. Karibu hakuna kikonyo. Hii ndiyo alama kuu. Mzambarau wa kupandwa una kikonyo kinachoonekana wazi.
- Kitawi kichanga ukikiviringisha kati ya vidole unasikia pembe nne.
- Maua ni meupe, yana nyuzi nyingi kama brashi, yananukia, na nyuki huyajaa.
- Tunda ni la mviringo wa yai, urefu wa sentimita moja na nusu hadi mbili, zambarau iliyokolea likiiva, lenye kokwa moja ndani.

Kama mti wako una kikonyo kirefu, unaweza kuwa ndugu yake wa jamii hiyo hiyo. Mengi ya mwongozo huu yatafaa, lakini usiuandike "mvengi" kwenye kibao cha kitalu. Atakayechukua mche atautegemea ufanye kazi ya mvengi ya kushika ukingo wa maji.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa tunda hata moja

Nimeweka orodha hii mbele kwa makusudi. Mbegu haisubiri. Ukivuna kwanza ndipo uanze kutafuta mchanga, utakuwa umechelewa.

Kwa mbegu:

- Turubai au mkeka wa kutandaza chini ya mti
- Ndoo mbili na chujio la wavu
- Gunia la katani au kikapu (si mfuko wa nailoni)
- Pumba za mbao au mchanga wenye unyevunyevu
- Tuta la kusia lenye mchanga wa mtoni uliooshwa, kina cha sentimita 15
- Viriba (vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche) vya inchi 5 kwa 8 au vikubwa zaidi
- Udongo wa juu, samadi iliyooza kabisa, mchanga
- Nyasi na fito za kujengea kivuli
- Keni ya kumwagilia yenye matundu madogo

Kwa vipandikizi ongeza:

- Mkasi wa kupogolea au kisu kikali, na spiriti ya kukifutia
- Kitambaa kilicholowa na ndoo yenye kifuniko
- Nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, na fito za mianzi za kuipindia
- Homoni ya unga ya kuotesha mizizi, kama duka la pembejeo la karibu linayo

Viriba vya inchi 4 kwa 6 vinavyotumika kwa misindano na milingoti (mikaratusi) ni vifupi kwa mvengi. Mzizi wake mkuu unashuka haraka, ukigonga chini unajikunja, na mti wenye mzizi uliojikunja huangushwa na maji ya mafuriko ya kwanza.

Jambo la mwisho la maandalizi ni ruhusa. Kama miti mama iko ndani ya msitu wa hifadhi, onana na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ya wilaya. Kama iko kwenye ardhi ya kijiji, mwone mwenyekiti na kamati ya mazingira. Mara nyingi utapewa ruhusa pamoja na watoto wa kukusaidia kuokota.

## Sehemu ya kwanza: mbegu

### Hatua ya 1. Chagua miti mama mapema

Zunguka bondeni miti ikiwa na maua, uweke alama kwenye miti yenye afya. Usitegemee kalenda ya mtu mwingine: mvengi wa Usangu penye joto na mvengi wa Mufindi penye ukungu haviendi pamoja. Mti ukiwa na maua, anza kuupitia kila wiki mbili. Matunda yakianza kubadilika rangi, pitia kila siku mbili au tatu.

Tafuta miti mitano hadi kumi iliyoachana, si mmoja tu wenye matawi yanayofikika. Miche ya mama mmoja ina udhaifu mmoja; ugonjwa au ukame ukiupata mmoja, utaipata yote.

### Hatua ya 2. Vuna yaliyoiva, acha mengine

Tandaza turubai chini, tikisa matawi polepole. Tunda linaloanguka lenyewe likiwa la zambarau iliyokolea, laini ukilibonyeza, ndilo lako. La kijani au jekundu liache mtini, kwa sababu mbegu yake haijakomaa.

Yaliyokwisha kuanguka chini unaweza kuyaokota kama yameanguka leo au jana. Yale yaliyosinyaa, yenye ukungu au vitundu, yaache yalipo.

Usifagie mti mzima. Ndege, nyani na watoto wanaotoka shule wanayategemea, na ndege ndio wanaozipeleka mbegu mahali ambapo wewe hutafika.

Tahadhari. Usiyarundike matunda kwenye mfuko wa nailoni juani wala kwenye buti la gari. Yatachacha, rundo litapata joto, na mbegu zitapikwa zikiwa ndani ya nyama yake. Tumia kikapu au gunia, weka kivulini.

### Hatua ya 3. Toa nyama siku hiyo hiyo

Mimina matunda kwenye ndoo yenye maji, uyasugue kwa viganja au kwenye wavu hadi nyama iachane na kokwa. Maji yatakuwa ya zambarau. Mwaga, weka mengine, rudia mara tatu au nne hadi kokwa zisiteleze tena.

Nyama ikibaki huleta ukungu na sisimizi, na ukungu ukianza kwenye mbegu moja hupita tuta zima.

Ukimaliza, jaza maji safi na uache dakika chache. Mbegu zinazoelea mara nyingi zimetobolewa na wadudu au hazina kitu ndani. Ziondoe, baki na zilizozama.

Utajua umefanikiwa ukiwa na kokwa safi, ngumu, zisizonata, zenye unyevu. Kata mbili tatu kwa kisu: ndani pawe na rangi ya kijani au ya maziwa, pamejaa. Penye kahawia, au palipojitenga na ganda, ni mbegu iliyokufa.

### Hatua ya 4. Kutoka mtini hadi kitaluni

Hapa ndipo vitalu vingi vinapoanguka, nami nitakaa hapa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza nilizipata mbegu safi kabisa za mvengi. Nikazitandaza kwenye mkeka uani, kama nilivyoona mama akifanya na maharage, nikazigeuza kwa siku nne hadi zikalia zikigongana. Nilizisia kwa uangalifu wote. Nilimwagilia tuta lile hadi Machi. Halikutoa kitu, na bonde nililokuwa nimeliahidi miche likakaa tupu mwaka mzima. Niliumia, maana mbegu zile zilitoka kwenye miti ambayo baadhi yake haipo tena.

Kwa hiyo, kanuni ni hizi:

Usianike. Si juani, si kivulini, si "kidogo tu". Baada ya kuosha, chuja maji, pangusa kwa kitambaa, basi.

Sia siku hiyo hiyo au kesho yake. Siku mbili tatu bado ni salama. Kila siku inayoongezeka inakula uhai wa mbegu. Ikipita wiki, unasia kwa matumaini tu.

Kama ni lazima zisafiri, zichanganye na pumba za mbao au mchanga wenye unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, uzitie kwenye gunia la katani au ndoo isiyofunikwa kwa kubana. Mbegu inapumua, ukiifungia hewa inaoza. Ukiiacha kwenye maji nayo inakosa hewa.

Usiweke kwenye friji. Ushauri huo unafaa kwa mbegu kavu. Mbegu hii imejaa maji, na baridi ya friji huiumiza.

Usinunue wala usipokee mbegu za mvengi zilizokaushwa, hata zikiwa kwenye mfuko mzuri wenye lebo. Sisemi kwamba anayezigawa ana nia mbaya. Pengine hajawahi kusia. Kata kumi kwa kisu mbele yake, mzione wote.

### Hatua ya 5. Kusia

Lainisha tuta la mchanga, mwagilia jioni ya kuamkia siku ya kusia. Laza mbegu kwa ubavu, umbali wa vidole viwili kati ya moja na nyingine, ufunike kwa mchanga wa unene wa sentimita moja tu. Ukiifukia zaidi, kichipukizi kinachoka kabla ya kufika juu.

Tandaza nyasi kavu nyembamba juu yake. Jenga kivuli cha nyasi kwenye fito, kimo cha mita moja, kinachopitisha mwanga nusu.

Mwagilia asubuhi, na jioni kama jua lilikuwa kali. Kipimo ni kidole: kiingize mchangani hadi pingili ya kwanza. Kikitoka na punje za mchanga zimeshika, inatosha. Kikitoka kimelowa kinachuruzika, umezidisha.

Watu husema: "Huu ni mti wa majini, mpe maji mengi." Mti mkubwa ni wa majini. Mche mdogo bado haujajenga mizizi ya kuvumilia kukosa hewa, na ukiuloweka utaoza shina pale unapotokea mchangani. Ugonjwa huo, wengine huuita kinyausi, humaliza tuta kwa siku chache. Ukiona mche umelala chini na shina limekuwa jembamba na jeusi, ng'oa na wa jirani yake, punguza maji, fungua kivuli hewa ipite.

Utajua umefanikiwa kati ya wiki ya tatu na ya saba utakapoona vichipukizi vyekundu vikisukuma nyasi. Kwenye baridi ya Njombe au Makete subiri zaidi kabla ya kukata tamaa. Mchipuko ukianza, toa nyasi za juu polepole, jioni.

### Hatua ya 6. Kuhamishia kwenye viriba

Changanya ndoo tatu za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza na moja ya mchanga. Ongeza viganja vichache vya udongo wa chini ya mvengi mkubwa kwa kila ndoo. Udongo ule una kuvu wanaoishi na mizizi ya mti huo na kuusaidia kufyonza chakula. Uchote sehemu mbalimbali, juu juu, bila kuchimbua mizizi ya mama.

Hamisha mche ukiwa na majani mawili hadi manne. Usingoje zaidi, kwani mzizi mkuu utakuwa umeshatangulia mbali. Mwagilia tuta kwanza, chimbua kwa kijiti, shika mche kwa jani. Ukiuminya shina umeuvunja mishipa, na jeraha hilo hulioni hadi siku ya tatu mche unaponyauka.

Toboa shimo kwenye kiriba kwa kijiti kirefu kuliko mzizi. Mzizi ushuke wima. Ukiona umepinda kama ndoano, utoe urudie. Kama ni mrefu mno, punguza ncha kwa wembe.

Weka viriba kivulini wiki mbili za mwanzo.

### Hatua ya 7. Miezi kumi kitaluni

Kila mwezi nyanyua viriba. Mizizi inayotokeza chini ikate, la sivyo mche utajishika ardhini na utakufa siku ya kuung'oa. Palilia. Panga upya, wakubwa na wakubwa, wadogo na wadogo, ili wadogo wasinyimwe mwanga.

Sota, viwavi wanaojificha udongoni, wanakata shina usiku. Asubuhi chimbua udongo kuzunguka mche uliokatwa. Utamkuta amejikunja hapo hapo, muue kwa mkono.

Kisha inakuja Juni. Mufindi, Njombe na Makete, kati ya Juni na Agosti, kuna asubuhi unakuta nyasi za bondeni zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Hewa baridi ni nzito, inatiririka kutoka mlimani na kutulia mabondeni, na vitalu vingi viko huko huko kwa sababu ya maji. Mvengi mchanga hauvumilii hali hiyo. Ncha zinaungua kana kwamba zimepitiwa na moto. Jenga kitalu juu kidogo ya sakafu ya bonde kama unaweza. Kama huwezi, funika miche jioni kwa nyasi au maturubai juu ya fito, ufunue jua likishapanda. Walioko Kyela na Usangu hawana haja ya kazi hii.

Kuanzia Oktoba punguza kivuli kidogo kidogo na punguza maji, ili miche izoee jua. Usitoe kivuli chote siku moja.

Mche ulio tayari una sentimita 30 hadi 40, shina gumu la kahawia chini, majani ya bluu-kijani yasiyolegea saa nane mchana.

## Sehemu ya pili: vipandikizi

Niseme wazi kabla hujakata tawi: mvengi hauotesheki kwa kipandikizi kama muhogo au mkuyu. Vingi havitashika. Usipange mradi wa miche elfu moja kwa njia hii. Ifuate pale ambapo mti mama hauzai, au mivengi ya bonde lako imebaki michache na hutaki kupoteza mwaka. Na kumbuka vipandikizi vyote vya mti mmoja ni mti ule ule.

### Hatua ya 1. Kata mahali sahihi

Chukua machipukizi ya kisiki kilichokatwa, au matawi ya mti mchanga wa miaka miwili mitatu. Tawi la kilele cha mti mzee lina maua na matunda, lakini uwezo wake wa kutoa mizizi umekwisha kufifia. Wengi hukata huko kwa sababu ndiko tawi linakoonekana zuri.

Mchipukizi uwe umekomaa nusu: si wa kijani laini unaolegea, si wa mbao ngumu. Ukiukunja upinde kidogo ndipo ukatike.

Kata asubuhi na mapema, wakati wa mvua na joto, kati ya Desemba na Machi. Tia moja kwa moja kwenye ndoo yenye kitambaa kilicholowa, funika. Kipandikizi kilichokaa juani dakika kumi umeshakipoteza.

### Hatua ya 2. Andaa kipandikizi

Urefu sentimita 12 hadi 15. Kata chini ya kifundo, kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, mkato mmoja safi. Toa majani ya chini. Acha majani mawili ya juu, kisha kila moja likate nusu.

Kila jani linapoteza maji, na kipandikizi hakina mizizi ya kuyarudisha. Lakini bila jani hakuna chakula cha kujengea mizizi. Nusu jani ni mapatano kati ya mahitaji hayo mawili. Nimeona watu wakiacha majani yote ili kipandikizi kipendeze, na wengine wakiyatoa yote. Pande zote mbili hazikupata kitu.

Kama una homoni, chovya sentimita moja ya mwisho, kung'uta unga uliozidi. Kama huna, endelea, ila ongeza idadi ya vipandikizi.

### Hatua ya 3. Chumba cha unyevu

Jaza mchanga wa mtoni uliooshwa kwenye tuta dogo au beseni lililotobolewa. Usiweke samadi, kidonda kilicho wazi kinaoza kwenye samadi. Toboa kwa kijiti, ingiza theluthi moja ya kipandikizi, bana mchanga kwa vidole.

Pinda fito za mianzi juu, funika kwa nailoni, fukia pembe zake kwa udongo ili hewa isitoke. Yote haya yawe chini ya kivuli kizito. Nailoni juani inakuwa jiko.

Chungulia kila asubuhi. Matone yakiwa yameshika upande wa ndani wa nailoni, unyevu unatosha. Yasipokuwapo, fungua, nyunyizia, funga. Toa majani yaliyoanguka kabla hayajaota ukungu.

### Hatua ya 4. Subira

Wiki sita hadi kumi. Usivute kuona kama kuna mzizi.

Jani jipya si ushahidi. Kipandikizi kinaweza kuchipua kwa chakula kilichobaki kwenye tawi, kisha kikafa. Ushahidi ni huu: baada ya wiki ya nane, kishike kwa vidole viwili, kivute kidogo sana. Kikikataa kutoka, kina mizizi. Kifungulie nailoni kidogo kila siku kwa wiki moja, kisha kihamishie kwenye kiriba na ukilee kama mche wa mbegu.

### Ukingo ukimomonyoka huku unasubiri

Mvengi unachukua muda. Kama maji yanakula ukingo sasa hivi, tumia mimea ya asili inayoshika upesi.

Matete: kata pingili zenye vifundo viwili au vitatu, zichomeke kwa mshazari kwenye tope la ukingo mvua zikianza. Yaweke mbali na mifereji ya umwagiliaji, kwani yakikolea huziba njia ya maji.

Mkuyu: kata fimbo nene kama kifundo cha mkono, urefu mita moja na nusu hadi mbili, mwishoni mwa kiangazi. Isimamishe kivulini siku moja utomvu ukauke, kisha ifukie nusu mita. Chini ibaki chini. Fimbo iliyopinduliwa haitashika.

## Njia ya tatu ambayo wengi huipita kwa miguu

Katikati ya masika, inama chini ya mvengi mkubwa. Utaona miche iliyojiotea, mingi, na mingi itakufa kwa kukosa mwanga au kukanyagwa na ng'ombe. Siku ya mawingu, chagua yenye majani mawili hadi sita, chimbua pamoja na donge la udongo, funga kwa majani ya mgomba yaliyolowa, uifikishe kitaluni siku hiyo hiyo. Ikae kivuli kizito wiki tatu. Acha mingi kuliko unayochukua, ili mama naye apate wa kumrithi.

Kama kitalu chako ni kipya na ulikosa msimu wa matunda, ningeanzia hapa.

## Kupanda bondeni

### Wapi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Mabonde yetu mengi yana vinyungu (bustani za bondeni za kiangazi) ndani ya mita hizo, na mwenye kinyungu ni mtu anayelisha watoto wake kwa mboga za kiangazi. Usimpandie miche shambani bila kuzungumza naye. Nimewahi kuona safu nzima iking'olewa usiku mmoja, na kosa lilikuwa letu tuliopanda bila kumwita. Kaeni na kamati ya mazingira, na jumuiya ya watumia maji kama ipo, mkubaliane mpaka, mwenye shamba akiwapo.

Panda pale ambapo udongo una unyevu mwaka mzima lakini kilele cha mche hakifunikwi na maji ya masika. Alama za takataka kwenye nyasi zitakuonyesha mafuriko ya mwaka jana yalifika wapi.

Penye milingoti kandokando ya chemchemi, usishawishike kuikata yote siku moja. Milingoti hunywa maji mengi, ni kweli, lakini ukingo ulio wazi kabisa utaporomoka na visiki vitachipua upya. Kata kwa awamu, panda mivengi kwenye mapengo, na kila machipukizi ya kisiki yakitokea yaondoe.

### Lini na vipi

Mahali pa baridi, panda Desemba hadi katikati ya Januari, mvua zikiwa zimekolea. Mche utapata miezi mitano ya kushika kabla ya Juni. Mahali pa joto penye maji mengi, unaweza kupanda maji yanapoanza kupungua, Aprili au Mei.

Shimo sentimita 40 kwa 40. Penye tope, usichimbe. Inua tuta dogo la kimo cha kiganja, upande juu yake, ili shingo ya mche isikae majini. Chana kiriba na ukitoe chote. Kiriba kilichoachwa kimeua miche mingi kuliko ukame, na plastiki yake inaishia mtoni.

Acha mita nne hadi tano kati ya mche na mche, kwa kupishana kama madoadoa, si kwa mstari mmoja.

### Mwaka wa kwanza

Palilia duara la mita moja mara tatu. Mifugo izuie kwa miiba au kwa makubaliano ya kijiji kuhusu njia ya kunyweshea; makubaliano hudumu kuliko miiba.

Moto kichaa ndio unaonitia hofu zaidi. Kuanzia Juni, fyeka mkanda wa mita tano upande wa mlima na uondoe nyasi zilizofyekwa, maana ukiziacha umepanga kuni. Rudia Septemba.

Juni hadi Agosti, vika kila mche kofia ya nyasi, wazi upande wa mashariki ili jua la asubuhi liingie.

Novemba pita ukihesabu. Mche ulioungua juu usiung'oe; kwaruza gome chini kwa ukucha, ukikuta kijani utachipua. Uliokufa uweke alama kwa kijiti. Miche iliyobaki kitaluni ihamishie kwenye viriba vikubwa zaidi na uendelee kuikata mizizi, maana ndiyo utakayojazia vile vijiti Desemba.